Neno "Bure" na Mwenziwe wa Kiingereza

Ninyi mnaoanza kusoma vitabu vya Kiingereza mtakutana na neno "gratuitous". Wengi hulifasiri kwa maneno marefu: lisilo na sababu ya haki, lisilostahili, lisilotakiwa. Hayo si makosa, walakini naona tunajisumbua, maana tunalo neno fupi lililo sawa nalo, nalo ni bure.

Asili yake ni Kilatini, "gratuitus", yaani kitolewacho pasipo malipo. Ndugu yake ni "gratia", ambalo kwa Kiswahili Kanisa huliita neema. Tangu karne ya 17 Waingereza wamelitumia kwa maana mbili: kipawa kisicholipiwa, na tendo lisilo na sababu. Ajabu ni kwamba Kiswahili nacho kimepita njia ile ile. Tazameni Mathayo 10:8, mitume wanapoagizwa kutoa pasipo malipo. Kisha Yohana 15:25, habari za kuchukiwa pasipo sababu. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 ina neno bure mahali pote pawili, na Biblia ya kale ya Kilatini ina "gratis" pote pawili. Aliyetukanwa bure hakulinunua tusi lile kwa kosa lo lote.

Lakini angalieni. Bure ina na maana ya tatu: mtu akienda sokoni akakuta pamefungwa, amekwenda bure, wala safari yake haiitwi "gratuitous". Hilo ni jambo dogo. Lililo zito ni hili, kwamba neno hilo halihukumu kama jambo ni kweli au uongo. Mtoto amekosa hesabu ubaoni. Mwenzake akimwambia, "Umekosa," amesema kweli, na kweli hiyo ina kazi. Akiongeza, "Tena nguo zako zina viraka," nayo ni kweli, viraka vyaonekana. Ila hesabu haikuuliza habari za nguo. Tusi la namna hiyo ndilo Waingereza huliita "gratuitous". Mara nyingi msemaji hujitetea, "Mimi nimesema kweli tupu." Utetezi huo siukubali hata kidogo, kwa maana hakushtakiwa kwa uongo.

Adhabu iliyozidi kosa ina neno lake jingine, kwa kuwa sababu ilikuwapo, ijapokuwa ndogo. Viraka havikuwa na sababu hata ndogo ya kutajwa ubaoni.