Chema Chajiuza

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba imekuwa ni desturi ya makampuni kugawa vitu vilivyopigwa chapa ya majina yao. Mahoteli, mabenki, makampuni ya simu na ya usafiri wa baharini hutoa fulana, kofia, kalamu, miavuli na kalenda, hasa nyakati za sherehe na mashindano ya michezo. Makusudio yake ni wazi: kila kampuni inataka kujijengea jina jema mbele ya wananchi. Jambo hili si baya, wala halistahili kubezwa. Lakini kwa kuwa linatumia fedha nyingi, linagusa riziki za mafundi wetu, na mara nyengine linaingia hadi ndani ya ofisi za Serikali, yafaa lipimwe kwa makini.

Watu wa mwambao si wageni wa jambo hili. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo asili yake ni mwaka 1887, lilipata umaarufu kwa kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Alama hiyo ilivuka mipaka ya Mombasa, ikawa ni ushahidi wa kanga ya kuaminika. Hapa pana funzo kubwa. Kanga zile hazikugawiwa bure. Mnunuzi alitoa fedha yake mwenyewe, akajifunga nguo yenye jina la mfanyabiashara, akapita nayo harusini na sokoni, na wala hakudai ujira wa kumtangaza. Alifanya hivyo kwa sababu nguo ilimridhisha. Jina lilibebwa na nguo. Nguo haikubebwa na jina.

Hiyo ndiyo kanuni inayosahauliwa na wengi wanaogawa vitu leo. Ni kweli kwamba kitu cha matumizi ya kila siku hukumbusha kuliko tangazo. Tangazo la gazeti husomwa siku moja, lakini kalenda iliyotundikwa dukani hutazamwa mwaka mzima. Hata hivyo, kitu hicho hicho husema pia sifa ya mwenye kukitoa. Mwavuli unaopinduka kwa upepo wa kwanza wa masika, au fulana inayochujuka kwa mfuo wa pili, humtangaza mwenyewe kuwa ni mtu wa mambo ya rahisi rahisi. Na hata kitu kikiwa kizuri namna gani, hakiwezi kufunika huduma mbovu. Abiria aliyeachwa bandarini bila ya maelezo hatafarijika kwa kupewa kofia. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na fulana ni miguu tu ya kutembelea.

Pana suala jengine ambalo kwa watu wa visiwani ni zito zaidi. Vingi katika vitu hivi huagizwa kutoka nje vikiwa tayari vimepigwa chapa. Kampuni inayopata faida kutokana na fukwe zetu na wateja wetu hupeleka fedha ng'ambo kununua zawadi za kutupa sisi. Hali hiyo inatokea ilhali wapo kinamama wanaosuka mikoba, makawa na mikeka ya ukili. Wapo washonaji wa kofia za viua, ambazo kila moja huchukua siku nyingi za kazi ya sindano. Na vipo vikundi vinavyotengeneza sabuni kwa mwani, zao ambalo kilimo chake cha biashara kilishika mizizi hapa tangu mwaka 1989. Mgeni anayeondoka na mkoba wa ukili wenye jina la hoteli lililofumwa kwa mkono ataukumbuka mwaka wa tatu. Kofia ya kiwandani anaweza kuipata katika mji wowote duniani.

Tunatambua kwamba kazi ya mkono ina gharama na haitoki kwa siku mbili. Kwa hiyo makampuni hayana budi kuagiza mapema, kulipa bei ya haki, na kutoa vitu vichache vilivyo bora badala ya vingi visivyo na maana. Mafundi nao wana wajibu wao. Vikundi vyao vihakikishe kwamba mkoba wa mia moja unalingana na wa kwanza, na kwamba siku ya ahadi inatimizwa. Mashirika ya Serikali yatangulie kuonyesha mfano, kwa kuwa hayawezi kuwahimiza wengine kununua vya nyumbani huku yenyewe yakiagiza vya nje. Wala isisahauliwe kwamba Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006. Itakuwa ni kinyume cha nia ile kuvijaza visiwa hivi vidogo vitu vya plastiki vyenye majina ya makampuni, ambavyo baada ya juma moja huishia jaani au baharini.

Mwisho, tunapenda kusema neno na watumishi wa umma. Kalamu ya shilingi chache haimnunui mtu. Lakini zawadi hukua. Kalamu hufuatwa na mkoba, mkoba ukafuatwa na kikapu kizito cha sikukuu, na mpokeaji akawa ndiye anayetoa leseni au kukagua kazi za mtoaji. Nchi yetu imekwisha kuonja utata huo katika siasa, pale sheria ya uchaguzi ilipobadilishwa mwaka 2000 kuruhusu kile kilichoitwa takrima, hadi Mahakama Kuu ya Tanzania ilipokitangua kifungu hicho mwaka 2006 kuwa ni kinyume cha Katiba. Mpaka baina ya ukarimu na rushwa ni mwembamba, na anayeulinda ni mpokeaji kuliko mtoaji. Inafaa kila ofisi iwe na daftari la zawadi lililo wazi, na kinachotolewa kwa ajili ya kazi kiwe mali ya ofisi, si mali ya mkubwa wa ofisi.

Kampuni inayotaka jina jema ianze kwa kuwalipa wafanyakazi wake kwa wakati, kutimiza ahadi kwa wateja, na kuheshimu kijiji kilichoipokea. Ikisha kufanya hayo, na iagize mikoba yake Makunduchi au Wete, ikaandike jina lake juu yake. Wananchi wataibeba kwa hiari yao, kama walivyojifunga kanga ya "Mali ya Abdulla".