Baada ya 2, 4, 8

Andika ubaoni 2, 4, 8, kisha uulize inafuata ngapi. Darasa zima litapaza sauti: 16! Mmoja kule nyuma ataandika 14, na wengi wetu tutamwekea alama nyekundu bila kumwuliza kitu. Mwulize. Ameongeza 2, halafu 4, sasa anaongeza 6. Hajakosea hata kidogo. Swali letu ndilo lililoacha milango miwili wazi.

Toleo hili ni la huyo wa 14. Mfuatano wa namba tumeugeuza kazi ya kujaza nafasi tupu, ilhali mtoto huujua hasa siku anapotunga wake na kumtega mwenzake.

Vya kuanzia hapa Likasi havikosi. Mtoto anayesema makumi mbili, makumi tatu, anayasikia makumi yake kinywani. Akihamia Kifaransa, kuanzia onze hadi seize kumi inajificha, hadi dix-sept iitoe mafichoni. (Wabelgiji walau walituachia septante na nonante, mtoto wa Paris hujumlisha sitini na kumi ndipo aitaje sabini.) Mwalimu asiipite tofauti hiyo haraka. Aiandike ubaoni kwa lugha zote mbili, watoto waseme wenyewe ni wapi utaratibu unakatika.

Halafu kuna soko. Fungu la nyanya: tatu chini, moja juu, jumla 4. Weka sita chini yake, zinakuwa 10. Weka kumi tena, 20. Kokoto zinatosha kwa zoezi hili. Mtoto atabiri tabaka la tano kabla ya kulipanga, kisha aanze upya kwa nne chini badala ya tatu: 1, 5, 14, 30. Hapo tayari anatunga.

Mwaka 1950, huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye chanjo, wa miaka ipatayo 20,000. Safu moja ina 11, 13, 17, 19. Nyingine ina 11, 21, 19, 9: kumi na ishirini zikiongezwa moja, kisha ishirini na kumi zikipunguzwa moja. Kila moja ya safu hizi mbili jumla yake ni 60. Kuna wanaosema ni kalenda ya mwezi, na kuna wanaosema chanjo zilisaidia mkono usiteleze. Mimi siapi kwamba aliyeuchanja alizijua namba tasa. Mfupa wenyewe uko Brussels, lakini namba zake zinaenea ubaoni. Ziandike bila maelezo, uone watoto watagundua nini.

Mwalimu msomaji, kwa toleo lijalo tuletee mfuatano mmoja uliotungwa na mwanafunzi wako. Jibu usiliandike.