KIONGOZI AJUE GUNIA LINA GOROGORO NGAPI

  

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mjadala juu ya swali hili: kiongozi wa taifa awe na ujuzi gani na sifa gani? Wasemaji walijitahidi kwelikweli. Mmoja alisema awe msomi, mwingine akasema awe mcha Mungu, wa tatu akasema awe mzalendo asiyejua rushwa. Nilipiga makofi kama wenzangu. Hata hivyo nilirudi nyumbani sijatosheka, kwa sababu kuna jambo moja ambalo halikutajwa na mtu yeyote. Mimi nililijua kwa aibu, na leo nataka kulisema.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, niligombea kiti katika baraza la wanafunzi. Shule yetu, kama mjuavyo, ni ya kutwa. Saa saba kengele ikilia, wenye kadi hupanga foleni ya githeri. Wasio na kadi huenda nyuma ya maktaba, chini ya mti, wakashika vitabu na kujifanya wanasoma. Rafiki yangu tuliyekuwa tukiketi dawati moja alikuwa miongoni mwao. Basi siku ya kampeni nilisimama mbele ya gwaride nikapaza sauti: "Mkinichagua, kila mtu atakula!" Loo! Kelele zilizopigwa siku hiyo sijapata kuzisikia tena. Nilishinda kwa kura nyingi, na rafiki yangu ndiye aliyenibeba mgongoni.

Wiki iliyofuata niliingia ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu kudai ahadi yangu itimizwe. Hakunikemea. Alinionyesha kiti akaniuliza, "Binti, gunia moja la mahindi lina gorogoro ngapi?"

Nilitazama sakafu.

"Wanafunzi ambao hawajalipa pesa za chakula ni wangapi?"

Sikujua pia.

"Nenda kwa mpishi ukaulize. Ukirudi tutazungumza."

Nilikwenda jikoni mkia nimeufyata. Mama mpishi, mwiko mkononi, alinifundisha hesabu ambayo sikuwahi kufundishwa darasani. Gorogoro moja ni kilo mbili. Gunia ni kilo 90, yaani gorogoro 45. Wasiokuwa na kadi walikuwa 80. Ili nao wale, sufuria ingehitaji gorogoro nne zaidi za mahindi na mbili za maharagwe kila siku. Kwa siku tano za wiki, na kwa wiki 13 za muhula, hizo ni gorogoro 390. Kumbe ile sentensi yangu fupi ya gwarideni ilikuwa karibu magunia tisa: sita ya mahindi na matatu ya maharagwe! Nani angeyalipia? Sikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimeahidi chakula cha watu nisiowahesabu, kwa pesa nisizokuwa nazo, kwa cheo kisichokuwa na uwezo huo.

Ndipo ninaposema hivi: ujuzi wa kwanza wa kiongozi ni kujua mambo ambayo yeye hayajui, kisha aulize wanaoyajua kabla hajafungua kinywa kuahidi. Wahenga walinena kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuahidi kwanza halafu kuuliza baadaye.

Kuna watakaoniambia kwamba dawa ya haya ni elimu. Hata sheria yetu inamtaka anayegombea urais awe na shahada ya chuo kikuu. Sharti kama hilo lilikuwa limewekewa wabunge pia, lakini Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba linakiuka Katiba. Mimi siidharau shahada. Mwenyewe naitafuta usiku na mchana. Lakini shahada haimwambii mtu kwamba jirani yake amelala njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akiwa na shahada tatu.

Mfano mzuri ni marehemu Profesa Wangari Maathai. Yeye alikuwa msomi wa kupigiwa mfano, kwani mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Lakini kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 haikuanzia maabara. Ilianza alipowasikiliza wanawake wa vijijini wakieleza kwamba kuni zimekuwa mbali, maji si safi na chakula hakitoshi. Usomi wake ulimsaidia kuona kwamba shida hizo zote zilikuwa na mzizi mmoja, yaani miti iliyokatwa. Mwaka 1977 akaanzisha upandaji miti wa Green Belt Movement. Masikio ndiyo yaliyotangulia, kitabu kikafuata.

Ujuzi wa pili ni kiongozi kujua mipaka ya kazi yake. Hapa wengi wetu hudanganywa mchana kweupe. Katiba yetu ya mwaka 2010 ina Jedwali la Nne ambalo limegawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti zetu 47. Shule za upili ni kazi ya serikali ya kitaifa. Shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti ni kazi ya kaunti. Hebu jiulize, ni mara ngapi umesikia mtu anayetaka kuwa diwani akiahidi kuajiri walimu wa sekondari? Na watu wanapiga vigelegele! Ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anatudanganya. Yote mawili ni mabaya, na mimi mwenyewe nilikuwa katika lile kundi la kwanza.

Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 73, inasema kwamba mamlaka ya afisa wa serikali ni amana ya wananchi, naye amepewa wajibu wa kuwatumikia bali si uwezo wa kuwatawala. Maneno haya yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila ofisi. Amana ni kitu cha watu umewekewa tu. Mwenyewe akikuuliza umekiweka wapi, humwambii akuondokee.

Tunakuja sasa kwa sifa. Sifa ninayoiweka mbele ya zote ni kusikiliza mapema. Sote tunakumbuka mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza hata mkate utozwe ushuru wa VAT wa asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa baada ya wananchi kulalamika, lakini mengine yakabaki. Wabunge wakaupitisha mswada tarehe 25 Juni huku vijana wakiandamana, na siku hiyo kuna waliotoka makwao asubuhi wasirudi tena. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mimi ni mwanafunzi tu, sina uwezo wa kuhukumu yeyote. Swali langu ni dogo: kama lingewezekana tarehe 26, kwa nini halikuwezekana tarehe 24? Sikio la siku mbili mapema lingeokoa wana wa watu.

Sifa ya pili, ambayo ni chungu kama shubiri, ni kukiri kosa. Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania anasifiwa kwa mengi, lakini mimi namsifu kwa hili. Serikali yake ilivunja serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976. Baadaye alisema waziwazi kwamba hayo ni mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Rais mzima! Na mwaka 1985 akang'atuka madarakani kwa hiari. Watu hawakumdharau kwa kukiri. Hadi leo wanamwita Mwalimu.

Nilihitaji mfano kama huo, kwa sababu deni langu lilikuwa bado linanisubiri gwarideni. Siku mbili sikulala vizuri. Nilifikiria kusema kwamba walimu wamekataa. Hilo lingekuwa jepesi, na wenzangu wangeniamini. Mwishowe nilisimama palepale nilipoahidi nikasema, "Niliwaahidi bila kujua. Ahadi hii ni magunia tisa kila muhula nami sina hata moja. Naomba mnisamehe na mnisaidie kufikiri." Wengine walinizomea. Waliniita mwanasiasa, na jina hilo lilinikaa hadi mwisho wa muhula. Lakini mvulana mmoja wa kidato cha nne aliinua mkono akasema kwao wana mahindi ghalani ila pesa hawana. Jambo hilo halikuwa limetujia akilini! Tulilipeleka kwa naibu, naye akalipeleka kwa mwalimu mkuu, na mzazi akaruhusiwa kuleta mahindi au maharagwe badala ya pesa. Kati ya wale 80, wanafunzi 31 walipata kadi.

Msinipigie makofi. Arubaini na tisa hawakupata, na rafiki yangu ni mmoja wao, kwa maana kwao hakuna pesa wala shamba. Yeye hajanilaumu hata siku moja. Siku hizi namwita tugawane sahani yangu. Siku nyingine hukubali, siku nyingine huniambia ameshiba. Najua hajashiba. Saa saba ninapopita nyuma ya maktaba nikamwona na kitabu chake, ndipo ninapoelewa ahadi ya kiongozi ni kitu gani. Kwake yeye ile haikuwa kelele za kampeni. Aliiamini.

Ndugu zangu, siku zinakwenda mbio. Tukitimiza miaka 18 tutachukua vitambulisho, tutajiandikisha, na watu watakuja kwetu na magari yenye vipaza sauti. Watatuimbia, watatucheza, watatupa fulana. Tusiwaulize kabila wala wana magari mangapi. Tuwaulize maswali yale niliyoulizwa mimi: Mnaowaahidi ni wangapi? Ahadi hiyo itagharimu nini, na nani atalipa? Je, kazi hiyo ni yenu kweli kwa mujibu wa Katiba? Na mkikosea, mtarudi hapahapa kutuambia? Atakayejibu, tumpe kura. Asiyejua lakini akasema, "Ngoja nikaulize," huyo pia tumfikirie. Atakayekasirika kwa kuulizwa, tumwache apite na vumbi lake.

Kwa hayo machache naitia kalamu yangu kituo. Ahadi ni deni, na deni halilipwi kwa vigelegele.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.