Mazungumzo ya Nyumbani: Sanduku la Bibi Lina Nini?

Mama mmoja wa hapa Likombe ameniletea swali, akaniruhusu nilijibu gazetini bila kumtaja jina. Mama yake mzazi alifariki mwaka jana. Arobaini ilipopita, ndugu walifungua sanduku la marehemu wakakuta kanga kumi na moja, kaniki mbili, na kitu kizito cha kujifunika, kimeshonwa kwa viraka, ambacho wajukuu hawakujua hata kukiita jina. Kabla hawajagawana, alipita kijana mchuuzi mwenye baiskeli. Akasema, “Shangazi, hizi za zamani nipe mimi. Kila moja nitakubadilishia kwa doti mbili mpya.” Wadogo zake wakafurahi, maana kanga mpya ni kanga mpya, na watoto hawana nguo. Yeye mkubwa akasita. Sasa auliza: akubali ama akatae? Na akikataa, awaambie nini wadogo zake, ambao shida yao ni ya kweli?

Wapenzi wasomaji, swali hili si la nyumba moja. Masanduku ya namna hii yamo katika vijiji vyetu vyote, toka Mikindani hata kando ya Ruvuma, na wachuuzi wanayajua kuliko tunavyoyajua sisi wenye mali.

Yule kijana hakuja kwa bahati. Nyuma yake yuko mwenye duka, na nyuma ya mwenye duka yuko mnunuzi wa mbali. Nenda Unguja, Mji Mkongwe, uingie katika maduka ya vitu vya kale. Utaona saa za ukutani zilizosimama, masanduku yenye misumari ya shaba, birika, sahani za Wazungu. Na pembeni, zimekunjwa vizuri, nguo. Mgeni akiingia hatazami rangi kwanza. Huifungua nguo yote, huitazama pindo, husoma jina, huigeuza upande wa nyuma, halafu huuliza: ilikuwa ya nani? Kanga zetu zimekwisha kufika mbali. Mwaka 2013 jumba la British Museum mjini London liliweka maonyesho ya nguo za Afrika, na kanga zilitundikwa humo ukutani kama picha za heshima. Nguo tunayobebea mtoto, tunayopangusia jasho, tunayotandika chini ya mkeka!

Jambo hili lafanana sana na habari ya Marekani ambayo nataka niwasimulie, kwa kuwa ina fundisho kuhusu bei. Kule akina mama wana kazi ya kushona mifarishi. Mfarishi ni nguo nzito ya kujifunika wakati wa baridi: juu viraka vilivyounganishwa, chini kitambaa kizima, katikati pamba, na mshono unapita tabaka zote tatu. Siku hizi watu huzunguka katika maduka ya vitu vya kale wakitafuta mifarishi iliyoshonwa zamani na mabibi wasiojulikana. Katika jimbo la Alabama kiko kijiji kiitwacho Gee's Bend, katika kona ya mto, na wenyeji wake ni wajukuu wa watumwa waliolima pamba hapo. Wanawake wake walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa na kwa magunia, ili watoto wasife kwa baridi. Mkusanyaji mmoja akaja, akanunua. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilionyeshwa katika jumba kubwa la sanaa la Houston, kisha New York, na watu wakasema hawajaona kazi kama ile. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ikaitia katika stempu za posta. Lakini mwaka 2007 baadhi ya wale wanawake walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakupata haki yao katika faida ya kazi ya mikono yao. Kesi zikamalizwa mwaka uliofuata kwa mapatano.

Mimi si mwamuzi wa kesi ile. Ninachokiona ni hiki: siku ya kuuza, mmoja alijua thamani na mwingine alijua shida yake tu. Hapo hakuna bei ya haki, hata kama hakuna aliyesema uongo.

Basi tujue tulicho nacho. Kanga yenyewe, kwa asili yake, ni nguo ya viraka. Zamani wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilizoletwa na Wareno, ambazo ziliuzwa zikiwa bado hazijakatwa. Wakakata leso sita, tatu juu na tatu chini, wakaziunganisha kuwa nguo moja ya kujifunga. Ndiyo maana mpaka leo Mombasa husema leso badala ya kanga. Baadaye wafanyabiashara waliona faida ya kuchapisha nguo nzima bila mshono, na viwanda vya Ulaya vikaingia kazini. Katika Uholanzi vimehifadhiwa vipande vya kanga vya tangu miaka ya 1880, vimebandikwa katika vitabu vya viwanda. Baadaye zikaja za India na Japani, na za kwetu wenyewe: kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Na kwa nini mabibi zetu walizipenda hivyo? Mikindani ilikuwa mlango wa biashara ya watumwa waliotoka pande za Ziwa Nyasa. Mtumwa alivaa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Marekani, au kaniki nyeusi. Utumwa ulipofutwa, Unguja mwaka 1897 na huku Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922, mwanamke aliyeachwa huru alitaka nguo isiyomwonyesha kuwa alikuwa wa mtu. Alinunua kanga yenye maua na rangi, akajifunga doti nzima. Kwa hiyo mtu akikuambia kanga kuukuu ni matambara, mwache aseme.

Sasa namna ya kuzitambua. Mama, zitandike kanga zako juu ya mkeka mchana, mlango wazi, uzitazame moja moja. Tazama jina kwanza. Kanga za mwanzoni zenye maneno ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hizo ni za kale sana, na umeniambia unayo moja. Usiibadilishe kwa doti mbili, wala kwa kumi, mpaka imesomwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani atakusomea bila taabu, na jirani hamwombi jirani malipo kwa jambo kama hilo. Ukiona habari za Uhuru wa 1961, au Jamhuri ya 1962, au Muungano wa 1964, hiyo imejitaja umri wenyewe. Ukingoni mwa pindo tafuta maandishi madogo: nchi ilikochapishwa, au alama ya mwenye mali. Ile ya Mombasa iliyoandikwa Mali ya Abdulla yajulikana pwani nzima; duka lake lilianza mwaka 1887.

Lakini usidanganyike na kisutu. Kisutu, ile nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe ya kuvalia arusi, ni mtindo wa kale, lakini yachapishwa hata leo. Mtindo si umri. Tena wako wajanja wanaochukua nguo mpya, wakaifua mara ishirini na kuianika juani ili ionekane kuukuu. Hiyo hufifia kote sawasawa. Iliyovaliwa kweli huchakaa mahali pake: pale pa kufundikia kiunoni, pale pa kufunga kichwani, na kwenye mikunjo iliyokaa sandukuni miaka mingi. Nguo haivaliwi na upepo.

Katika masanduku ya pande zetu mna jambo jingine. Vita ya ng'ambo ya Ruvuma, tangu 1964 hata 1974, ilileta ndugu zetu wengi kutoka Msumbiji, na akina mama walikuja na kapulana zao. Kwa kawaida kapulana haina jina kama kanga. Yule kijana akisema, “Hii si kanga, haina maana,” mwulize mbona ameitia kwanza kapuni.

Si nguo tu zinazotafutwa. Kinyago cha mapiko cha Wamakonde kiliibiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Kikaonekana Uswisi, katika jumba la Barbier-Mueller, Geneva, kikatambuliwa mwaka 1990, na mazungumzo ya kukirudisha yalichukua miaka ishirini: kilirudi mwaka 2010. Hicho angalau kilikuwa na mwenyewe anayejulikana na aliyekidai. Tena ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Asije mtu Mikindani akang'oa mlango wa babu yake kwa fedha ya sikukuu moja.

Nirudi kwa mama wa Likombe na wadogo zake. Sitakuambia usiuze. Mali ni yenu nyote, na mtoto aliye uchi hafunikwi kwa historia. Lakini kabla ya kugawana au kuuza, chukueni daftari la shule. Kila nguo ipeni namba, muandike: jina lake, rangi zake, marehemu aliinunua wapi, aliivaa siku gani. Shangazi mkubwa angali hai, mketisheni, mumwulize. Atasema, hii alipewa na mumewe msimu wa korosho, hii alikuwa nayo mtoto alipobatizwa, hii alifungwa siku ya msiba wa baba yake. Yaandikeni kwa maneno yake, na mwenye simu apige picha. Hata nguo ikiuzwa, habari itabaki nyumbani, na tena ndiyo habari ambayo mwenye duka wa mbali huilipia kuliko kitambaa. Mchuuzi akija tena, mpeni bei ninyi, siyo yeye awape. Asipotaka, aende, kanga iliyokaa miaka hamsini haitaharibika kwa mwezi mmoja. Na kila binti achague moja kwanza ya kuweka, kabla ya hesabu ya kuuza. Nadhani kwa njia hii wadogo zako hawataona kwamba umewanyima.

Zitakazobaki, zitunzeni. Adui wa pwani ni unyevu, halafu panya na mende. Usizihifadhi ndani ya plastiki. Nguo hutoa jasho humo na kuota ukungu. (Mifuko yenyewe ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini najua iko bado chini ya vitanda vyenu.) Kama sanduku ni la bati, tandika kitambaa cheupe ndani, kwa kuwa doa la kutu halitoki. Majani makavu ya mwarobaini yanafaa, yafungwe katika kitambaa yasiguse nguo. Kila baada ya mvua za masika zitoeni, zipigwe upepo kivulini, mzikunje upya mahali pengine pasipo mkunjo wa zamani. Kufua ni kwa maji baridi na sabuni kidogo. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isikaribie kabisa.

Yabaki yale yaliyonifanya nicheke nilipofika kwenye ukumbi wako. Kile kitu kizito ambacho mchuuzi alikitupa pembeni akisema ni matambara ya kulalia mbwa, kile ni mfarishi. Mama yako aliunganisha viraka vya kanga, kitenge na suruali ya kaki, akashona kwa mkono. Nimehesabu mishono, imelingana kama ya cherehani. Wachuuzi wa hapa hawajaanza kuitafuta, wala usidhani watakawia. Sasa sikiliza. Washonaji wa Marekani, pamba ilipopungua, waliweka mfarishi wa zamani ndani ya mpya, uwe ndio ujazo wake. Nilipouminya wako sikusikia pamba. Nilisikia nguo, tabaka juu ya tabaka. Huenda mama yako alifanya vivyo hivyo kwa kanga za mama yake. Nguo iliyofichwa ndani haijaona jua tangu siku iliposhonwa, na rangi yake yaweza kuwa bado mbichi.

Chagua kona moja, ile iliyokwisha kulegea. Fumua shubiri moja tu, kwa sindano, si kwa kisu. Chungulia kwa mwanga wa dirisha. Ukiona maandishi, ya Kiarabu au ya Kirumi, usivute. Yanakili katika daftari kama yalivyo, shona tena kwa uzi mweupe ili mahali pajulikane, kisha mtume mtoto aniite.