Kompyuta Kongwe Zisingojewe Mpaka Zife

Ndugu Waislamu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani, ulipokatika umeme ulioletwa kutoka Bara kwa waya wa baharini uliotumika tangu 1980. Waya mpya ulizinduliwa 2013, watu wakiwa wamekwisha kupata hasara.

Hali kadhalika kompyuta za ofisi zetu za Mji Mkongwe zinazopanga kurasa na picha. Inayosuasua tu iongezwe kumbukumbu na diski ya SSD. Kununua mpya kwa fahari ni israfu. Lakini huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Isiyoweza kupokea mfumo mpya ibadilishwe ingali hai, kazi zote zikiwa zimenakiliwa. Fedha za waumini ni amana. Na kazi zilizomo ni amana vilevile.