Saa Nane Addis si Hitilafu!

Jamani, nani aliwaambia watengenezaji wa tovuti za tiketi kwamba kusubiri ndege ni hitilafu? Saa nane Addis Ababa wanakuonya nazo kama programu iliyokwama, kisha wanakuuzia hoteli. Lo! Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, na uwanja wa Bole uko jijini. Badilisha dola chache upate birr, panda matatu zao za buluu na nyeupe, nenda Makumbusho ya Taifa umwone Lucy, aliyechimbuliwa 1974. (Ni nakala ya mifupa, lakini miaka milioni 3.2 si mchezo.) Halafu kahawa ya jebena. Kuongeza mstari mmoja, "pasipoti yako inakuruhusu kutoka nje", ni kazi ya alasiri moja. Mbona hawauongezi?