Mashindano ya Anga Yalipita Mrima

Wengi huamini kwamba mashindano ya kwenda angani yalikuwa ya Marekani na Umoja wa Kisovieti peke yao, na kwamba Waafrika Mashariki walikuwa watazamaji tu. Imani hiyo haina msingi.

Mashindano yalianza tarehe 4 Oktoba 1957, Wasovieti waliporusha Sputnik 1, tufe la kilo 83.6 lililoizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi. Mlio wake ulinaswa hata na redio za watu binafsi. Lakini kilichoitia Marekani hofu hasa ni roketi iliyolibeba, R-7, kombora la masafa marefu lililobuniwa kubeba bomu la nyuklia. Mwaka 1958 Marekani ikaunda NASA na kuanzisha mradi wa Mercury wa kumpeleka mtu angani.

Hapo ndipo pwani ya Afrika Mashariki ilipoingia. Chombo cha Mercury kiliruka kutoka Florida, kikapita karibu na Kano, Nigeria, kikalikata bara kuelekea kusini-mashariki, kikavuka Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, na kuingia Bahari ya Hindi. Kituo cha ardhini kiliweza kukisikia kwa dakika chache tu kabla hakijazama upeoni, kwa hiyo vilihitajika vituo vingi njiani. Kimoja kilijengwa Tunguu, Unguja, ng'ambo ya mkondo unaotazamana na Bagamoyo. Mbele yake ilikuwa bahari, ambako Wamarekani walitegemea meli. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Tunguu ilizungumza naye. Mei 1963 mwanaanga mwenzake Gordon Cooper, akipita juu ya Zanzibar, aliwatakia heri viongozi wa Afrika waliokuwa wakikutana Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU).

Wazalendo wa Zanzibar walikipinga kituo hicho, wakihofia kisiwa kugeuzwa shabaha ya vita. Kuiita hofu yao ushamba si haki. Ni kweli kwamba Tunguu hapakuwa na kombora. Palikuwa na antena na mitambo ya redio. Lakini Atlas, roketi iliyombeba Glenn, nayo ilitokana na kombora la nyuklia. Isitoshe, mkataba wa mwaka 1960 ulikuwa kati ya Marekani na Uingereza, wakati Wazanzibari hawajapata serikali yao wenyewe.

Walipoipata, waliamua. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya iliagiza kituo kiondolewe, na Aprili mwaka huohuo kikafungwa. Kazi ikahamia Madagascar, ambako nako serikali ilikifunga kituo mwaka 1975. Mtazamaji hana uwezo wa kuvunja kambi ya mchezaji.

Kaskazini zaidi, karibu na Malindi, Kenya, Waitalia waliweka baharini jukwaa la kurushia roketi la San Marco, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo mkubwa zaidi. Setilaiti yao San Marco 2 iliruka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikafuata setilaiti ya NASA, ya kwanza kujengwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina Uhuru.

Historia inayoitaja Florida na Baikonur, kituo cha Wasovieti cha kurushia roketi, bila Tunguu na Malindi haijakamilika.